Karafuu, Kakao na Neno "Subira": Chokoleti ya Waingereza na Mashamba Yetu

Kusini ya mto Thames, hatua chache kutoka Daraja la Tower, kuna njia nyembamba iitwayo Shad Thames. Maghala ya zamani ya Butler's Wharf siku hizi ni nyumba za watu wenye uwezo, na baadhi ya majengo yamepewa majina ya viungo: Cinnamon Wharf, Cardamom Building, Clove Building. Wengi wetu tumewapitisha hapo wageni waliotoka Unguja, Pemba au Maskati, tukawaonesha neno "Clove" ukutani, wakapiga picha. Wageni hucheka na kusema kuwa karafuu imepata nyumba London kabla yetu sisi.

Kicheko hicho kina suali nyuma yake, na suali hilo limekuwa likirudi kila tunapokutana, khasa vijana wanapotoka skuli na madaftari yao. Wanafundishwa kuwa Waarabu wa Zanzibar walikuwa wafanyabiashara ya watumwa na Waingereza ndio waliowakomboa. Kisha wanatoka nje ya darasa na kununua chokoleti, na hakuna anayewauliza kakao yake ililimwa na nani. Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili kwa utaratibu. Hatukusudii kuwasafisha wazee wetu kwa maji machafu ya wengine. Tunataka kuziweka habari mbili, ya karafuu na ya kakao, juu ya jamvi moja, kwa sababu zilianikwa pamoja tangu mwanzo.

Chokoleti ilifika London kama kinywaji. Mwaka 1655 Waingereza waliinyang'anya Hispania kisiwa cha Jamaica, ambako kulikuwa na miti ya kakao, na mwaka 1657 Mfaransa mmoja alitangaza katika gazeti kuwa anauza kinywaji cha chokoleti katika kichochoro cha Queen's Head, mtaa wa Bishopsgate. Baadaye zikaja nyumba za chokoleti ambazo msomaji wa pwani atazifahamu upesi akiambiwa kuwa zilikuwa ni baraza za mabwana: watu wanakaa, wanakunywa, wanapeana habari za siasa na biashara, na wengine wanacheza kamari. White's, iliyofunguliwa 1693, ingali ipo hadi leo kama klabu ya wakubwa. Kinywaji chenyewe ni kichungu, kwa hivyo kilihitaji sukari, na sukari ya Jamaica na Barbados ilikuwa ya jasho la watumwa kutoka Afrika Magharibi. Daktari Hans Sloane, ambaye makusanyo yake ndiyo yaliyoanzisha British Museum, alikwenda Jamaica 1687 na jina lake likatumiwa baadaye kuuzia chokoleti ya maziwa. Mali ya mkewe ilitokana na mashamba ya sukari ya kisiwa hicho. Anayekwenda Bloomsbury kutazama vitu vya kale na alijue hilo pia.

Karne ya kumi na tisa chokoleti ikatoka kwa mabwana ikaingia kwa watu wa kawaida. Fry wa Bristol walitoa kipande cha chokoleti cha kutafuna mwaka 1847. John Cadbury alikuwa amefungua duka lake Birmingham mwaka 1824, na wanawe wakajenga kiwanda cha Bournville 1879. Rowntree walikuwa York. Familia hizi tatu zote zilikuwa za Waquaker, wale Wakristo wajiitao Marafiki. Kwa muda mrefu watu wa madhehebu hayo walizuiliwa kuingia vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge na kushika vyeo vya serikali, basi wakaelekea kwenye biashara. Kakao iliwafaa zaidi kwa kuwa walichukia ulevi na walitaka mfanyakazi apate kinywaji cha moto badala ya pombe.

Waquaker hao hao ndio waliokuwa mstari wa mbele kupinga utumwa. Katika kamati iliyoundwa London mwaka 1787 kupinga biashara ya watumwa, tisa kati ya wajumbe kumi na wawili walikuwa Marafiki. Mwaka 1839 ikaundwa, hapa hapa London, jumuiya ya kupinga utumwa duniani kote, na wao wakawa nguzo zake. Jumuiya hiyo ndiyo iliyokuja kuikazia macho Zanzibar.

Sasa tuje kwetu. Karafuu si mti wa asili wa visiwa vyetu. Wafaransa waliuiba mche wake kutoka visiwa vya Maluku na kuupanda Mauritius mwaka 1770, kisha Bourbon, kisiwa kiitwacho leo Réunion. Kutoka huko, yasimuliwa, Saleh bin Haramil Al-Abry aliuleta Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na Sayyid Said bin Sultan akaushadidia hadi kila tajiri akawa na shamba lake. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na kuanzia hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Hadi mwisho wa karne hiyo visiwa hivi viwili vilikuwa vikitoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu zilizouzwa duniani.

Nani aliyezipanda na kuzichuma? Hapa ndipo mazungumzo ya kifamilia hupungua sauti. Waliochuma walikuwa watumwa, waliotolewa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na bandari nyengine. Utaratibu uliozoeleka mashambani ulikuwa mtumwa amfanyie kazi bwana siku tano, na Alhamisi na Ijumaa alime kikonde chake mwenyewe kwa ajili ya chakula. Wakati wa msimu karafuu haingoji siku. Ikipitwa inafunguka, inakuwa mpeta, na bei inaanguka, basi siku hizo mbili nazo zilikuwa zikiliwa na uchumaji. Tumewasikia wazee wakisema kuwa watumwa wetu walikuwa kama watoto wa nyumbani. Wako waliokuwa hivyo, na wako waliotoroka kwenda kuishi msituni, na mtu hakimbii nyumba anayohisi ni yake.

Tuseme na jambo jengine ambalo linatuhusu kwa damu. Mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana alikuwa huru na alichukua nasaba ya baba yake. Maana yake ni kwamba familia nyingi zinazojinasibisha na kabila fulani la Oman zina bibi mzaa bibi ambaye jina la kwao halijulikani, kwa sababu aliletwa akiwa mtoto na akapewa jina jipya, Zafarani au Mahabuba au Jokha. Katika shajara za nasaba zinazoletwa kwetu, matawi ya wanaume yanarudi vizazi kumi, na upande wa mama unasita ghafla. Hatuwezi kuzungumza habari za utumwa kana kwamba ni habari za watu wengine.

Waingereza walimlazimisha Sayyid Barghash kusaini mkataba wa 1873 na soko la watumwa la Mjini likafungwa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya yao, na Agosti mwaka huo Sayyid Ali bin Said akatoa amri ya kukataza kuuza na kununua watumwa. Utumwa wenyewe ulibaki. Sasa bendera ilikuwa ya Uingereza, na mtumwa alikuwa bado mtumwa. Mjumbe wa jumuiya ya London, Donald Mackenzie, alikuja 1895 na kurudi na ripoti iliyowatia aibu wakubwa. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, hakupendezwa na haraka. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: hazina ya serikali ilitegemea ushuru wa karafuu, ambao ulichukuliwa kwa karafuu zenyewe, robo ya mavuno. Watumwa wakiachiwa siku moja, nani atapanda juu ya mkarafuu? Basi ikasemwa kuwa lazima kuwe na subira.

Subira hiyo iliisha kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sayyid Hamoud bin Muhammed, na hata hapo haikuisha yote. Amri haikumwacha huru mtu yeyote kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe, aombe uhuru wake, na aoneshe kuwa ana pahala pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri kwa hoja ya kuwa hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na hawakupata haki hiyo hadi 1909. Huko Pemba kamishna aliyesimamia shughuli hizo alikuwa J. P. Farler, aliyekuwa kabla ya hapo mkubwa wa misheni ya Magila, bara.

Mwaka huo huo wa 1897 Waquaker waliingia Pemba. Waliona kuwa mahuru watahitaji ardhi, kazi na skuli, wakanunua shamba pahala paitwapo Banani, karibu na Chake Chake. Henry Stanley Newman, aliyekwenda kutazama, akachapisha mwaka 1898 kitabu chenye jina la shamba hilo. Theodore Burtt aliiongoza misheni hiyo kwa miaka mingi. Shamba lenyewe lilikuwa na mikarafuu, kwa hivyo Marafiki wakawa, watake wasitake, wenye mashamba ya karafuu kama jirani zao Waarabu, wakihangaika kama wao kutafuta wachumaji msimu ukifika. Tofauti ni kuwa wao walilipa ujira, na hiyo si tofauti ndogo.

Tunazifahamu barua za wakati ule zinavyowaeleza Waarabu wa Pemba: wavivu, wenye madeni, wagumu wa moyo. Madeni yalikuwa ya kweli, maana mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Lakini tuuvuke mlango wa Afrika kwenda upande wa pili, katika bahari ya magharibi, tuone Marafiki wengine walikuwa wakinunua nini miaka hiyo hiyo.

São Tomé na Príncipe ni visiwa viwili vidogo vilivyokuwa vya Wareno, udongo wake wa volkano na mvua yake ni nyingi. Kakao ililetwa huko kutoka Brazil katika miaka ya 1820, na kufika mwisho wa karne visiwa hivyo vilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kakao duniani. Ureno ilikuwa imefuta utumwa katika sheria zake tangu miaka ya 1870. Mahala pa mtumwa pakachukuliwa na mtu aitwaye "serviçal", yaani mtumishi wa mkataba. Watu walikamatwa au kununuliwa ndani ya Angola, wakateremshwa pwani kwa miguu, wakasomewa mbele ya ofisa karatasi wasiyoifahamu, kisha wakapakiwa melini. Mkataba ulisema miaka mitano. Kwa miongo ya mwanzo karibu hakuna hata mmoja aliyerudi kwao. Msomaji aliyesoma habari za majahazi ya Kilwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Na karibu nusu ya kakao iliyokuwa ikinunuliwa na Cadbury mwanzoni mwa karne ya ishirini ilitoka huko.

William Cadbury alisikia fununu mwaka 1901 alipokuwa safarini Trinidad. Muda si mrefu likamfikia tangazo la kuuzwa shamba moja la São Tomé, ambalo wafanyakazi walihesabiwa ndani yake pamoja na mali nyengine. Mtu wa biashara anajua maana ya orodha kama hiyo. Alikwenda Lisbon mwaka 1903, akaambiwa kuwa sheria mpya zimeshatungwa na mambo yatatengemaa. Kampuni ikaamua kumtuma mtu wake kuchunguza. Aliyechaguliwa ni Joseph Burtt, ambaye hakujua Kireno na ikabidi kwanza apelekwe Ureno kujifunza. (Asichanganywe na Theodore Burtt wa Pemba. Ni watu wawili, na tumeona makala zinazowafanya kuwa mmoja.) Burtt aliondoka 1905, akapita São Tomé, Príncipe na Angola, kisha akazunguka kuja upande wetu, Msumbiji, na kuingia Transvaal. Wakati yeye anajiandaa, mwandishi wa habari Henry Nevinson alikuwa ameshatangulia Angola kwa gharama za jarida moja la Marekani, na mwaka 1906 akatoa kitabu alichokiita utumwa wa kisasa. Burtt alirudi 1907 na kusema, kwa maneno ya upole zaidi, jambo lile lile.

Kwa nini basi Cadbury, Fry na Rowntree hawakuacha kununua hadi Machi 1909, miaka minane baada ya fununu ya kwanza? Wao walisema kuwa mnunuzi mkubwa ana sauti kwa Wareno, na akishaacha kununua sauti yake haisikiki tena. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini palikuwa na jambo jengine, na hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliwaomba wenye viwanda wasifanye haraka. Migodi ya dhahabu ya Transvaal ilitegemea wafanyakazi kutoka Msumbiji, koloni la Ureno, na London haikutaka kuwaudhi Wareno kwa ajili ya watu wa Angola waliokuwa kisiwani. Mtu mweusi wa pwani ya magharibi alitakiwa asubiri ili mtu mweusi wa pwani ya mashariki aendelee kupelekwa chini ya ardhi. Neno lilikuwa ni lile lile la Hardinge: subira.

Gazeti la Standard, la wahafidhina, liliandika Septemba 1908 makala ya kuwakejeli Cadbury. Haikuwa kwa huruma ya watu wa Angola peke yake. George Cadbury alikuwa na gazeti lake, Daily News, lililokuwa limewashambulia wahafidhina kwa kuwaleta vibarua wa Kichina katika migodi ya Rand, basi hii ilikuwa ni zamu ya kulipa. Cadbury wakashitaki. Kesi ikasikilizwa Birmingham mwisho wa 1909, wakili wa gazeti akiwa Edward Carson, na wa Cadbury Rufus Isaacs, wote wawili ni mabingwa wa zama zao. Carson aliendelea kumrejesha shahidi kwenye jambo moja: mlijua lini, na baada ya kujua mlinunua kiasi gani? Wazee wa baraza wakasema Cadbury wamesingiziwa, na wakawapa fidia ya farthing moja. Farthing ni robo ya peni. Kila mtu nchini alifahamu maana ya hukumu hiyo.

Tuna jambo moja la kuwaambia wale wa kwetu wanaoifurahia sana habari hii. Cadbury, pamoja na uzito wao, walimtuma mtu, wakalipa gharama za uchunguzi, mwisho wakaacha kununua. Katika mashamba ya Pemba na Unguja hatujaona hati ya jumuiya yoyote ya wenye mashamba iliyofanya mfano wa hilo kabla ya kulazimishwa. Walikuwepo watu waliowaacha huru watumwa wao kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na wasia zao tumezisoma, za mtu mmoja mmoja. Haki itendeke pande zote mbili.

Mpaka hapa karafuu na kakao zimekwenda sambamba bila kukutana. Zilikutana kiwandani, na kilichozikutanisha ni kitu ambacho kwetu hakina heshima: makonyo.

Aliyekulia Pemba anajua. Wachumaji wanarudi na vishada, jioni watu wanakaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Karafuu inaanikwa juani hadi iwe nyekundu ya kahawia na ivunjike kwa mlio. Makonyo nayo yanaanikwa lakini bei yake ni ndogo. Ndani yake yamo mafuta, kiasi cha sehemu tano hadi saba kwa mia, wakati karafuu yenyewe ina kumi na tano au zaidi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli, kile kile kinachotuliza jino linalouma. Mwisho wa karne ya kumi na tisa wanakemia wa Ulaya waligundua namna ya kuigeuza eujenoli kuwa vanilini, harufu ya vanila. Vanila ya kweli ilikuwa ghali sana. Vanilini iliyotokana na mafuta ya karafuu ilikuwa rahisi kwa mbali, na viwanda vya chokoleti, ambavyo bila harufu ya vanila bidhaa yao haina ladha inayotambulikana, vikawa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Hali ilibaki hivyo hadi katikati ya miaka ya 1930, ilipoanza kutengenezwa kutokana na maji machafu ya viwanda vya karatasi.

Hatuwezi kuchukua kipande kimoja cha chokoleti cha mwaka 1910 na kusema hiki kina Pemba ndani yake. Lakini kwa miaka ipatayo arubaini vanilini ilitafutwa ndani ya karafuu, na karafuu za dunia zilitoka kwetu kwa wingi kuliko pahala pengine popote. Mtoto wa London aliyefungua karatasi ya chokoleti alinusa jamvi la Chake Chake bila kujua.

Na hata vanila ya kweli ina mkono wa bahari yetu. Mmea wake ni wa Mexico, na huko wadudu ndio wanaouchavusha. Ulipoletwa Bourbon ulitoa maua bila matunda, hadi mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond, alipoonesha namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na dole gumba. Aliachwa huru pamoja na watumwa wote wa kisiwa mwaka 1848, akapewa jina la Albius, akafa masikini mwaka 1880. Ufundi wake ndio uliotumika baadaye Madagascar na Ngazidja, na wasomaji wetu wa Kingazija wenye mama zao waliochavusha vanila kila asubuhi kabla jua halijapanda wanajua ni kazi ya aina gani.

Miaka ya 1930 iliwakuta wakulima wa pande zote mbili katika dhiki, bei zikiwa zimeanguka, na mwaka 1937 yakatokea mambo mawili kwa wakati mmoja ambayo ni nadra kusimuliwa pamoja. Gold Coast, ambako kakao ililimwa na wakulima wenyewe tangu Tetteh Quarshie alipoleta mbegu kutoka Fernando Po mwaka 1879, makampuni ya Ulaya, Cadbury wakiwemo, yalifanya mapatano ya kununua kwa bei moja ili wasishindane. Wakulima wakakataa kuuza. Kuanzia Oktoba 1937 hadi Aprili 1938 kakao ilibaki majumbani, na bidhaa za Kiingereza zikasuswa madukani. Zanzibar, katika mwaka huo huo, serikali iliipa jumuiya ya wakulima wa karafuu, ile iliyoundwa 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wamefungiwa mlango, wakagoma, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono. Bombay ikasusa karafuu zetu, na India ilikuwa mnunuzi mkubwa. Mapatano yalifikiwa Mei 1938.

Wengine hupenda kuyafananisha mambo haya mawili kuwa ni upinzani dhidi ya mkoloni. Sisi tunaona yanafanana kwa tarehe zaidi kuliko kwa sura. Gold Coast mkulima alisimama dhidi ya mnunuzi. Kwetu aliyegoma ni mnunuzi, na wenye mashamba wengi wa Kiarabu walikuwa upande wa serikali kwa sababu walitarajia kuokolewa na madeni. Mchumaji, mjukuu wa yule aliyekwenda mahakamani 1897 kuomba uhuru wake, hakuulizwa na upande wowote. Tunaamini hesabu ya chuki iliyolipwa Januari 1964 ilianza kuandikwa katika miaka kama hiyo, ingawa najua, na wenzangu wa bodi wanajua, kuwa wasomaji wetu wengine watalikataa hilo.

Kwa anayetaka kuendelea mwenyewe, London inamtosha kwa kuanzia. Maktaba ya Marafiki ipo Euston Road, mwendo wa dakika chache kutoka chuo cha SOAS, na humo zimo habari za misheni ya Pemba. Barua za Hardinge na za Farler zipo katika Nyaraka za Taifa, Kew. Karatasi za kampuni ya Cadbury, pamoja na zile za safari ya São Tomé, zimewekwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Lakini aliyekwenda Kew peke yake atawasikia Waingereza wakiwazungumza Waarabu na watumwa, na wao wenyewe hatawasikia. Kwa hilo ni lazima kwenda Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, ambako zimo kumbukumbu za mahakama, na ni lazima pia kufungua masanduku yetu wenyewe.

Tunajua kuwa zipo hati za rehani za mashamba, wasia, vyeti vya uhuru na daftari za pishi zilizochumwa, zilizosafirishwa 1964 ndani ya mito na mikoba hadi Dubai, Maskati, Portsmouth na hapa. Mwenye nayo, hata ikiwa ni nusu karatasi iliyoliwa na mchwa, tunamuomba atuoneshe. Tutaipiga picha mbele yake na kumrudishia siku hiyo hiyo. Tunachoomba ni kuwa asiitie ndani ya plastiki ya moto wala asiibandike kwa gundi kabla ya kuileta, na kama ndani yake kuna jina la mtu aliyeachwa huru, asilifute.